Shule tatu za serikali, watoto wawili: mngekuwa mimi mngechagua ipi?

Mama wa Wawili
Jumatatu, saa 3 usiku

Mbukwenyi ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kabla uandikishaji haujafungwa, maana kila mtu kijijini ana lake la kuniambia na mimi usingizi umeniruka.

Mama mkwe wangu alipata kiharusi mwezi wa saba. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuhama Dodoma mjini mwezi wa kumi na mbili, turudi kwao upande wa Chamwino tumuuguze. Tangu wakati huo nimekuwa mtu wa wiki huku, wiki kule. Shamba la alizeti lipo, nyumba ipo, hata maji ya kisima nimeshayazoea. Kilichonishinda ni shule. Binti yangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu, Januari anaingia la nne. Mdogo wake ana miaka 6, amemaliza awali, anaanza la kwanza. Shule ya kulipia hatuiwezi, na hata tungeiweza basi lake halifiki huku. Zinazofikika kwa miguu ni tatu, zote za serikali. Majina nayaacha, nisije nikawaharibia walimu wa watu.

Ya kwanza watu wanaiita ya barabarani. Ni kilomita nne kutoka nyumbani, nilimwomba kijana wa bodaboda anisomee kwenye saa ya pikipiki. Ni kubwa, wanafunzi wanakaribia 900, walimu 14. Ina umeme na madarasa mapya yaliyojengwa kwa fedha za BOOST, ule mpango wa serikali wa kuboresha shule za msingi, bati la bluu linaonekana toka mbali. Wenye baiskeli na wenye uwezo kidogo wanapeleka watoto huko.

Ya pili ni ya kijijini yenyewe, ya tangu watu walipokusanywa kwenye vijiji vya Ujamaa miaka ya 1970. Marehemu baba mkwe alifyatua matofali yake. Kilomita moja na nusu, wanafunzi 310, walimu watano ukimhesabu na mwalimu mkuu. Lakini kati yetu na shule hiyo kuna korongo. Sasa hivi ni mchanga mtupu, watu wanachimba humo visima vya kunyweshea ng'ombe. Mvua zikianza ni habari nyingine.

Ya tatu ni shule shikizi, hapo kitongojini kwetu, kama mita mia nne. Vyumba viwili, kuanzia awali hadi darasa la tatu. Mwalimu wa ajira ni mmoja, mwingine ni binti aliyemaliza kidato cha nne anayejitolea, wazazi wanamchangia. Mtoto akifika la nne anavuka korongo kwenda ya kijijini, ndiyo shule mama.

Mume wangu anataka wote wawili waende ya barabarani. Mama mkwe, ambaye siku hizi kila neno linamtoka kwa taabu, kasema maneno mawili tu: "Ya hapa."

Nikafungua matokeo ya darasa la saba kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani. Ya barabarani: watahiniwa 96, wastani wa shule 134 kati ya 300. Ya kijijini: watahiniwa 21, wastani 158. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Inakuwaje shule yenye umeme na walimu 14 inapitwa na yenye walimu watano? Mnaoyajua mambo haya kwa ndani, niambieni.

Mwalimu Mstaafu
Jumatatu, saa 4 usiku

Mama, pole sana na kuuguza. Nimefundisha shule za msingi miaka 34, nikianzia Kondoa, nikapita Mpwapwa, nikamalizia hukohuko Chamwino. Nakuomba uziweke hizo namba mezani tuzitazame pamoja, kwa sababu wazazi wengi wanazisoma vibaya na watoto ndio wanaolipa.

Mtihani wa la saba una masomo sita, kila moja alama 50, ndiyo hiyo 300 unayoiona. Wastani wa kuanzia 121 hadi 180 ni C. Kwa hiyo shule zako zote mbili ziko C. Tofauti yake ni alama 24. Sasa fikiri: shule ya watahiniwa 21, watoto watatu tu ambao mwaka huu walipata 230 kila mmoja, mwaka ujao wakiwepo watatu wa 100 badala yao, wastani wa shule nzima unashuka alama 18 na ushee. Watoto watatu! Kwenye shule ya watahiniwa 96 badiliko hilohilo linashusha alama nne tu. Shule ndogo inapanda na kushuka kama maji kwenye ndoo inayobebwa, na mzazi anayeangalia mwaka mmoja anadhani mwalimu mkuu kafanya muujiza au kafanya uzembe. Angalia miaka minne au mitano mfululizo.

Halafu kuna hesabu moja ambayo hakuna atakayekufanyia. Tovuti hiyohiyo ina matokeo ya Upimaji wa Darasa la Nne. Rudi nyuma miaka mitatu, fungua shule ileile, uhesabu majina. Hao wa la nne wa wakati ule ndio waliotakiwa kufika la saba mwaka huu. Kama walikuwa 40 na waliomaliza ni 21, uliza hao 19 wako wapi. Wengine wamehama na wazazi, hilo ni la kawaida. Lakini wapo walioachwa wachunge, wapo walioolewa, na wapo waliokata tamaa wenyewe kwa sababu hawajui kusoma na hakuna aliyejali. Wastani wa la saba unawapima waliofika tu. Nimeshika darasa la saba miaka mingi na ninakwambia kwa uchungu, aliyeondoka njiani hayumo kwenye karatasi ile.

Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora Januari 2023. Wazazi ndio bado tunazipanga kichwani.

Kwa mtoto wako wa miaka 6, la saba liache kwanza. Nenda darasa la pili. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, ingia kwa adabu, mpe mtoto yeyote kitabu chao, kifungue katikati, umwonyeshe mstari wa tatu au wa nne. Usimwanzishie mwanzo wa ukurasa, maana mwanzo wanaukariri. Kusoma, kuandika na kuhesabu kunapatikana la kwanza na la pili. Likipita la tatu bila hivyo, mtoto anakaa darasani miaka minne akinakili ubaoni maumbo asiyoyajua. Nami nimeona shule nyingi, mwalimu hodari anapelekwa la saba kwa sababu ya matokeo, na watoto 120 wa la kwanza anaachiwa mgeni aliyeripoti juzi.

Fundi Pikipiki
Jumanne, saa 1 asubuhi

Shikamoo mwalimu. Dada, pole na mgonjwa. Mimi nitasema tofauti kidogo na mwalimu, na ninasema kwa heshima.

Mwanangu yuko la sita kwenye shule kubwa ya kando ya barabara, nje kidogo ya Kongwa. Kabla ya hapo alisoma shule ndogo kama hiyo yenu ya kijijini. Piga hesabu nami. Shule ya msingi ina awali na madarasa saba, jumla manane. Walimu watano. Kila saa ya siku kuna madarasa matatu hayana mwalimu. Mwalimu mkuu akiitwa halmashauri yanakuwa manne, mmoja akiugua yanakuwa matano. Mwanangu alipokuwa la nne alikuwa anarudi na daftari la Sayansi lina kurasa sita kwa muhula mzima. Nilizihesabu mwenyewe, gereji, mikono ikiwa na grisi. Mwalimu alikuwepo na alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa na madarasa mawili kwa wakati mmoja, anaandika huku zoezi anakimbilia kule.

Shule kubwa ina msongamano, sikatai. Lakini kila somo lina mwenyewe. Huyo binti anayeingia la nne, mwenye upimaji wa taifa mwishoni mwa mwaka, muangalie kwa jicho hilo. Mdogo wake anaweza kuwa na jibu lake tofauti.

Mjumbe wa Kamati, Bahi
Jumanne, saa 7 mchana

Niongezee kuhusu fedha, maana nimekaa kwenye kamati ya shule miaka sita na hili watu hawaambiwi.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inayoshuka shuleni. Shule yenu ya kijijini yenye watoto 310, hiyo ni Sh 1,860,000 kwa mwaka mzima, sawa na 155,000 kwa mwezi. Chaki humo, karatasi za majaribio humo, kitasa kilichovunjika humo, nauli ya mwalimu mkuu kwenda wilayani humohumo. Ya barabarani inapata zaidi ya milioni tano. Fedha inafuata vichwa, lakini bati lililong'olewa na upepo linagharimu sawa kwa mkubwa na mdogo. Kwa hiyo ukiona shule ndogo imechakaa usikimbilie kusema wameiba. Ingia ofisini, uliza karatasi ya mapato na matumizi imebandikwa wapi. Kwetu Bahi ipo ukutani, kila mzazi anaisoma. Mwalimu mkuu anayekuonyesha bila kukunja uso, huyo unaweza kufanya naye kazi.

Jambo langu la pili ni jiko. Fika saa nne asubuhi uangalie kama moshi unatoka. Mnajua sisi wa mkoa huu, Januari hadi Machi ghala la nyumbani limekwisha na shamba bado bichi. Mtoto anaondoka alfajiri hajatia kitu mdomoni. Sisi tulikubaliana kwenye mkutano wa kijiji, kila mzazi debe moja la mahindi baada ya mavuno, wa mpunga analeta mchele, na asiye nacho kabisa anakuja kukata kuni. Hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango, hilo hairuhusiwi na sisi wenyewe hatulitaki. Mwaka wa kwanza wa uji, daftari la mahudhurio la mwezi wa pili lilijaa vema mpaka mwalimu wa zamu akaniita nije nilione.

Mtoto wa Korongoni
Jumanne, saa 2 usiku

Wifi yangu, nakuita wifi kwa sababu mimi ni mtoto wa huko. Sasa ni muuguzi, niko Singida. Wenzangu wamesema ya vitabu na walimu. Mimi nina la korongo tu.

Nilianza la kwanza nikiwa na miaka 7, shule kilomita tano. Viatu tulikuwa tunavifunga kamba tunavivaa shingoni, madaftari kwenye mfuko wa sukari wa nailoni, mfuko kichwani. Siku moja mwezi wa pili tulitoka shule jua linawaka, kwetu hakuna hata wingu. Tulikuwa wanne. Tumefika katikati ya mchanga, mzee mmoja aliyekuwa ng'ambo akinywesha mbuzi akaanza kupiga kelele na kurusha mikono. Sisi tukacheka, tukadhani anacheza. Kisha nikasikia, kama lori linalokuja kwa mbali. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, maji ndiyo yanashuka. Mzee aliingia akatubeba wawili, wawili wakakimbia. Tulipogeuka, pale tuliposimama palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba gogo zima.

Mama yangu hakunipeleka tena hadi mwezi wa tano. Nilirudia la kwanza. Dada yangu aliyenifuata hakurudi kabisa.

Sijui matokeo ya shule zenu. Ninachokuomba ni huyo wa miaka 6 asivuke. Na binti usimpe kilomita nne za barabara ya malori peke yake, aondoke saa kumi na moja na nusu alfajiri fisi hawajalala.

Mama wa Wawili
Ijumaa, saa 3 usiku

Nawashukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Mwalimu, shikamoo. Nimefanya kama ulivyonielekeza, na wifi, nilimsomea mume wangu maneno yako jana usiku, akanyamaza kimya kirefu. Kumbe naye kuna mwenzake wa darasani ambaye hakuvuka.

Nilianza na kuhesabu majina. Ya kijijini, la nne miaka mitatu iliyopita walikuwa 29, wamemaliza 21. Ya barabarani walikuwa 141, wamemaliza 96. Kwa hiyo kila moja imepoteza karibu watoto watatu katika kila kumi, na mimi nilikuwa nimeiona ya kijijini kuwa bora kwa sababu ya namba moja. Nikagawanya na walimu pia: barabarani watoto 64 kwa mwalimu, kijijini 62. Kiwango cha serikali ni 45. Hakuna aliye na nafuu.

Jumatano nikaenda ya barabarani. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanipeleka mwenyewe la pili. Watoto 118 chumba kimoja. Mwalimu ni mama wa makamo, sauti imemkauka, kashika chaki kama mtu anayeshikilia ukingo asianguke. Nilimwonea huruma ya kweli. Nikaomba mtoto asome. Akaitwa msichana wa mstari wa mbele, akasoma ukurasa mzima wima, sauti safi, darasa likapiga makofi. Nikakumbuka la mwalimu. Nikageuza kitabu, nikamwekea kidole katikati ya ukurasa mwingine. Akanitazama mimi. Akatazama kidole changu. Kisha akaanza tena ule ukurasa wa mwanzo kwa kichwa, macho yake yakiwa usoni kwangu. Nilimshika bega nikamwambia umesoma vizuri, kwa sababu ningemwambia nini tena mtoto wa watu.

Alhamisi asubuhi nilikuwa shikizi. Nje ya mlango kuna kibuyu chirizi, dumu la lita tano limening'inizwa kwa kamba, unakanyaga kijiti maji yanatoka, na mwalimu hamruhusu mtu kuingia kabla hajanawa uso, kwa ajili ya vikope. Ndani, la kwanza na la pili wanakaa chumba kimoja wakitazama kuta mbili tofauti, ubao huku na ubao kule. La pili wako 27. Kila mtoto ana kopo la kokwa za ubuyu. Mwalimu anasema "kumi na tatu toa tano", unasikia kokwa zinagonga dawati kama mvua ya kwanza kwenye bati. Herufi na silabi ameziandika kwenye vipande vya maboksi ya sabuni, kazitundika kwa uzi.

Nikampa kitabu mvulana mmoja aliyekuwa nyuma kabisa, shati halina vifungo viwili. Nikafungua katikati, mstari wa nne. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alifika kwenye "vifaranga" akakwama. Akasema "vi". Akasema "fa". Mwalimu hakumsaidia, alisimama tu, nami nikatamani kumtajia. "Vi-fa-ra-nga." Kisha akalisema lote kwa pamoja, akatabasamu, kwa sababu neno alikuwa analijua siku zote, ila hakujua kuwa ndilo lile. Mwenzake alipokwama kwenye neno ambalo hakulielewa, mwalimu alimweleza kwa Kigogo kwa sentensi moja, akarudi kwenye Kiswahili. Mwalimu huyo ana miaka minane akifundisha hapo. Kinachoniuma ni kwamba anaishi chumba cha kupanga chenye mlango wa mabati, na hakuna nyumba ya mwalimu hata moja. Akipata uhamisho, shule hiyo imekwisha.

Mchana nikavuka korongo kwenda ya kijijini. Moshi ulikuwa unatoka, uji ulikuwepo. Mapato na matumizi yamebandikwa kweli, kwa kalamu ya bluu. Mwalimu mkuu aliniambia bila kuzunguka: "Mama, Hisabati na Sayansi la nne ninaye mtu, Kiswahili nafundisha mimi. Kiingereza kwa sasa sina." Nilikaa dirishani la nne kama nusu saa, na alichosema Fundi nimekiona, la tano waliachiwa zoezi muda wote huo. Lakini daftari za la nne zilikuwa na wino mwekundu wa juzi na wa jana, nilifungua nne tofauti.

Tumeamua hivi. Mdogo anaanza shikizi. Dada yake anaingia la nne kijijini, na mvua zikianza atakuwa analala kwa shangazi yake ng'ambo ya korongo kuanzia Jumapili jioni hadi Ijumaa. Nimeshaongea na huyo shangazi na kitanda kipo. Kiingereza nitamshikia mwenyewe jioni, nilimaliza kidato cha sita na bado sijakisahau. Fundi, akifika la tano nikaona daftari za kurasa sita, nitamhamisha na baiskeli nitanunua. Nimekuahidi.

Fundi Pikipiki
Ijumaa, saa 3:40 usiku

Hapo sina neno, dada. Baiskeli ukiitaka niambie, nitakutafutia iliyotumika yenye fremu nzima.

Mwalimu Mstaafu
Jumamosi, saa 12 asubuhi

Marahaba mama. Umefanya kazi ambayo maafisa wengi hawaifanyi, na huyo mvulana wa "vifaranga" nimemwona kana kwamba nilikuwa nimesimama hapo.

Mambo mawili ya haraka. Barua ya uhamisho ya binti ichukue mjini kabla shule haijafungwa, Januari kila ofisi ina foleni na mtoto atakaa nyumbani wiki mbili akisubiri mhuri. Hakikisha imepitia kwa Afisa Elimu Kata. Wa la kwanza beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na uulize ameandikishwa kwenye daftari la shule mama, maana shikizi inahesabiwa huko, na ruzuku yake inapita huko.

La pili ni huyo mwalimu wa shikizi. Anza mapema. Kijiji kikipandisha boma la nyumba ya mwalimu hadi usawa wa lenta, halmashauri mnaifuata mkiwa na kitu cha kuonyesha. Nimeona mwalimu akikaa kituo kimoja miaka 19 kwa sababu ya nyumba ya vyumba viwili na shamba la ekari moja.

Mama wa Wawili
Jumamosi, saa 2 usiku

Asante mwalimu, Jumatatu niko mjini kwa ajili ya barua.

Leo kulikuwa na kikao cha wazazi shikizi, chini ya mbuyu, nikaenda ingawa mwanangu bado hajaanza. Kabla ya nyumba kuna choo. Watoto 74, matundu mawili, na kimoja kimetitia tangu mwaka jana. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, kwa hiyo tunahitaji manne. Tumekubaliana kuchimba kabla mvua hazijashika, wanaume shimo, sisi maji na mchanga, na kila kaya tofali thelathini. Nilimweleza mwenyekiti wa kitongoji habari ya boma la mwalimu, akaniambia nilete hoja hiyo kwenye mkutano wa kijiji mwezi ujao, atanipa nafasi ya kusema.

Nimerudi nikamhadithia mama mkwe. Aliposikia tofali akanyoosha mkono mzima, ule wa kushoto, kuelekea nyuma ya nyumba. Nilidhani anataka maji. Mume wangu akaenda kuangalia. Kuna rundo chini ya miba na majani makavu, tofali za kuchoma za baba yake, hazijaguswa tangu afariki. Tumehesabu kwa tochi ya simu, ni 112. Alfajiri tunaazima mkokoteni wa punda kwa jirani.

Wifi wa Singida, ukija likizo upite nyumbani, mama amekuuliza wewe ni wa ukoo gani.